Mkahawa Unaouza Bia: Safari ya Kafe ya Kibelgiji hadi Bujumbura

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kifungu kifupi cha Kifaransa kuhusu maisha ya wafanyakazi wa mji wa Brussels mwishoni mwa karne ya 19. Sentensi moja ilisema kwamba jioni, baada ya kazi, wafanyakazi walikwenda kwenye café kunywa bia, kula na kusomeana gazeti. Ilikuwa sentensi rahisi, niliyodhani haitamsumbua mtu.

Niliposahihisha karatasi nikakuta darasa limegawanyika makundi matatu. Wengi waliandika mkahawa. Baadhi waliandika baa. Wachache, wote wazaliwa wa Bujumbura, waliandika kabare. Nilipowataka kila kundi litetee chaguo lake, kijana mmoja wa Buyenzi alisimama akasema: "Mwalimu, mimi nimekulia karibu na mkahawa. Pale watu wanakunywa kahawa na chai, wanakula sambusa na chapati, na adhana ikitoka wanainuka kwenda kusali. Mkahawa unaouza bia si mkahawa." Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikuwa na jibu la papo kwa papo.

Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule. Nitaonesha kwamba café na mkahawa ni neno moja lililosafiri kwa njia mbili, na kwamba katika njia zote mbili mahali hapo palikuwa na kazi ileile: mtu asiye na cheo alinunua, kwa bei ya kikombe au glasi moja, haki ya kukaa na kuzungumza na wenzake. Kwa sababu hiyo, historia ya kafe ni historia ya swali moja: nani anaruhusiwa kukaa? Swali hilo liliulizwa Brussels, likaulizwa Léopoldville, na hapa kwetu Bujumbura lilijibiwa kwa damu.

Ndugu wawili waliopotezana

Neno kahawa tumelipata kutoka Kiarabu, qahwa. Jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulitarajia ni kwamba katika Kiarabu cha kale neno hilo lilitumika pia kwa maana ya mvinyo, kabla halijatulia kwenye kinywaji cha buni. Mbuni wenyewe asili yake ni Ethiopia, lakini kinywaji kilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, ambako Masufi walikitumia ili wasisinzie katika ibada za usiku. Kutoka Yemen kilipanda hadi Makka, Kairo na Istanbul, na kila kilipofika watu walikusanyika kukinywa pamoja.

Mikusanyiko hiyo haikuwapendeza watawala. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa Makka, alijaribu kupiga marufuku kahawa. Zaidi ya karne moja baadaye, Desemba 1675, Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri ya kufunga nyumba zote za kahawa nchini mwake, kwa madai kwamba watu walikaa humo wakieneza habari za uongo dhidi ya serikali. Upinzani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliifuta amri hiyo Januari 1676, kabla haijaanza kutumika. Kikombe hakikuwa na kosa. Kilichowanyima watawala usingizi ni maneno yaliyosemwa kikombe kikiwa mkononi.

Neno nalo lilisafiri. Waturuki walisema kahve, Waitaliano caffè, Wafaransa café. London ilipata nyumba yake ya kwanza ya kahawa mwaka 1652, na Paris ikapata Procope mwaka 1686. Kwa upande wa pili, majahazi yalileta kahawa na jina lake katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko muuza kahawa alipita na dele lake la shaba na vikombe vidogo, wazee wakakaa barazani, na mahali pa kunywea pakaitwa mkahawa, au mgahawa kama wengine wasemavyo. Katika karne ya 19 Kiswahili pamoja na desturi zake kilifuata njia za biashara hadi Ujiji, kikavuka na kupanda ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Bujumbura. Mkahawa wa Buyenzi anaoufahamu mwanafunzi wangu ni mjukuu wa safari hiyo.

Kwa hiyo café na mkahawa ni ndugu. Mmoja alikwenda kaskazini, mwingine akaja kusini. Yule wa kaskazini alipofika Ubelgiji alikutana na bia, na tabia yake ikabadilika.

Kafe ya Ubelgiji na meza yake

Nchini Ubelgiji mtu akikwambia twende café, asilimia kubwa anakualika kwenye bia. Sababu ni ya kilimo kwanza. Ubelgiji ni nchi ya baridi ambayo mizabibu haistawi vizuri, lakini shayiri, ngano na hopsi hustawi. Kwa karne nyingi kila mji, na hata nyumba za watawa, ulitengeneza bia yake. Brussels na vijiji vilivyo magharibi yake ni maarufu kwa bia iitwayo lambic, ambayo haitiwi hamira yoyote. Uji wa nafaka uliochemshwa huachwa upoe usiku kucha katika sinia kubwa pana lisilofunikwa, na vijidudu vya hamira vilivyomo hewani huingia vyenyewe na kuanza kazi ya kuchachua. Kisha bia hukaa katika mapipa ya mbao kwa miezi au miaka. Lambic changa ikichanganywa na ya zamani na kutiwa kwenye chupa, hupatikana gueuze, kinywaji kikali cha uchachu chenye povu. Ikilowekwa cheri, huitwa kriek. Wale waliozoea urwarwa wetu wa ndizi hawatashangaa sana. Nasi tunajua kinywaji kinachochachuka chenyewe.

Kafe ya mtaa ya Brussels ina sura yake. Kaunta ni ya mbao, viti ni vya mbao, kuta na dari zimegeuka rangi ya kahawia kwa moshi wa tumbaku wa miaka mingi, na vioo vikubwa vimetundikwa ili kumwonesha aliyekaa pembeni nani anaingia. Kila aina ya bia ina glasi yake, na mhudumu anayejua kazi hatakuletea bia katika glasi ya bia nyingine. Chakula ni cha nyumbani: nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa bia na vitunguu, viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, kome wa baharini pamoja na viazi vya kukaanga, au kipande cha mkate kilichopakwa jibini laini na kupambwa na figili. Mtu anaweza kula akashiba, na anaweza pia kuagiza glasi moja tu akakaa nayo saa mbili bila kufukuzwa.

Mfano mmoja unatosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Théophile Vossen alikuwa na kafe mjini Brussels ambayo wateja wake wengi walikuwa makarani wa Benki ya Taifa iliyokuwa jirani. Wakati wa mapumziko ya mchana makarani walicheza dadu. Saa ya kurudi kazini ilipokaribia kabla mchezo haujaisha, walicheza raundi moja ya kukata shauri, na raundi hiyo waliiita kifo cha ghafla. Vossen alipohamia jengo jipya mwishoni mwa miaka ya 1920, aliipa kafe yake jina hilo hilo, À la Mort Subite, na jina likapewa pia bia yake. Kafe hiyo ni miongoni mwa zile zinazotajwa kila mara watu wanapozungumzia kafe za zamani za mji huo. Jina lake la kutisha lilitokana na utani wa makarani waliokuwa wakiiba dakika tano kabla ya kurudi mezani kwa bosi.

Lakini haikuwa michezo peke yake. Katika uwanja mkuu wa Brussels, Grand-Place, liko jengo liitwalo Le Cygne, yaani bata maji. Katika karne ya 19 lilikuwa na kafe. Mwaka 1847 chama cha wafanyakazi wa Kijerumani, ambacho Karl Marx alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakati akiishi uhamishoni Brussels, kilikutana humo. Aprili 1885 wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walikutana katika jengo hilohilo, wakaanzisha Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji. Watu hao hawakuwa na kumbi, wala wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Walikuwa na meza ya kafe. Chama chao kilipopata nguvu kilimwita msanifu Victor Horta awajengee Nyumba ya Umma, iliyofunguliwa mwaka 1899, na ndani yake wakaweka ukumbi mkubwa wa kafe. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1965.

Sheria mbili za mwaka 1919

Chama kilichozaliwa kafeni ndicho kilichokuja kuibadilisha kafe. Émile Vandervelde, kiongozi wake mashuhuri, alikuwa waziri wa sheria baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliona jinsi jini, ile pombe kali ya bei nafuu, ilivyokuwa ikimaliza mishahara na afya za wafanyakazi. Agosti 1919 ilipitishwa sheria, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake, iliyokataza kuuza pombe kali katika kafe na sehemu nyingine za umma. Dukani mtu alitakiwa kununua lita mbili kwa uchache, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida hakukimudu kwa mara moja. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1983. Kafe zikabaki na bia, na watengenezaji wakaanza kutengeneza bia zenye nguvu zaidi ili kumridhisha mteja aliyenyimwa jini. Baadhi ya bia kali zinazoipa Ubelgiji sifa duniani zilikua katika kivuli cha sheria hiyo.

Mwezi mmoja tu baadaye, Septemba 1919, mataifa yaliyotawala Afrika yalitia saini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, uliopiga marufuku pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya bara letu. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwao. Bia haikuguswa na mkataba huo. Kwa hiyo mwaka mmoja ulifungua njia ya bia pande zote mbili, katika nchi iliyotawala na katika nchi zilizotawaliwa.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Vandervelde hakuwa mgeni wa mambo ya Kongo. Mwaka 1909 alisafiri hadi Léopoldville kumtetea mahakamani mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, aliyeshtakiwa kwa sababu ya maandishi yake kuhusu mateso ya watu wa Kasai chini ya kampuni ya mpira. Sheppard alishinda kesi. Mtu huyo mmoja, basi, anaunganisha kafe ya Brussels na Afrika ya Kati kabla bia yenyewe haijafika kwa wingi.

Kafe yavuka bahari, meza yagawanywa

Bia ilifika kwa kiwanda. Mwaka 1923 ilianzishwa kampuni ya bia ya Léopoldville, inayojulikana leo kama Bralima, yenye bia ya Primus. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipata kiwanda chake kilichotoa bia ya Simba. Ruanda-Urundi, iliyounganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji mwaka 1925, ilingoja zaidi. Kiwanda cha Usumbura, ambacho ndicho Brarudi ya sasa, kilianzishwa mwaka 1955, na kile cha Gisenyi, Bralirwa, mwaka 1957.

Kafe nayo ilikuja. Wabelgiji, Wagiriki na Wazungu wengine walifungua katikati ya miji kafe zenye veranda, viti vya nyasi na kaunta ya mbao, ambapo karani wa serikali au mfanyabiashara aliweza kujisahau kwa saa moja akajiona yuko kwao. Lakini jambo moja halikupakiwa melini. Ile haki ya mtu asiye na cheo kukaa haikuvuka bahari. Miji ilipangwa kwa rangi: mji wa Wazungu, sehemu ya Waasia, na mitaa ya Waafrika iliyotengwa mbali kidogo. Usiku Mwafrika alihitaji kibali ili aonekane katika mji wa Wazungu. Katika kafe alikuwemo, lakini kama mpishi, mwosha glasi au mhudumu. Mwaka 1948 serikali ilibuni kadi ya wastahiki kwa Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ukaja utaratibu mwingine wa kuwasajili. Hata hivyo wengi wa wenye kadi waligundua kwamba karatasi haifungui mlango ambao mwenye nyumba hataki kuufungua.

Waafrika walijenga mahali pao. Katika mitaa yao walichukua chupa ya kiwandani wakaipeleka katika desturi ambazo tayari walikuwa nazo. Kabla ya chupa, Warundi walikuwa na impeke ya mtama iliyonywewa kwa mirija katika chungu kimoja, na urwarwa uliogawiwa kwa utaratibu wa heshima, mwenyeji akionja kwanza kuthibitisha kwamba hakuna sumu. Unywaji ulikuwa mkataba: aliyekunywa nawe amekuamini. Desturi hiyo iliingia katika nyumba mpya za bia, na nyumba hizo zikaitwa kwa neno la Kifaransa lililokuwa la kawaida kwa nyumba ndogo za pombe huko Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, cabaret. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanalihusisha na neno la kale la eneo hilohilo lenye maana ya chumba kidogo. Sisi tukalifanya kabare.

Siasa nayo ikafuata bia, kama ilivyofanya Brussels mwaka 1885. Patrice Lumumba alipohamia Léopoldville mwaka 1957, alipata kazi katika kampuni ya bia ya Bracongo, akawa msimamizi wa mauzo ya bia ya Polar, mshindani wa Primus. Kazi yake ilimtaka azunguke mitaa ya Waafrika, aingie kila nyumba ya bia, anunulie watu vinywaji na kuzungumza nao. Mtu mwenye kipaji cha maneno hakuweza kupewa jukwaa bora kuliko hilo. Oktoba 1958 aliongoza chama kipya, MNC. Januari 1960 alikuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Mviringo, ambao ulikubali Kongo ipate uhuru tarehe 30 Juni 1960. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 30 Juni 2018 Brussels ilikipa kiwanja kimoja jina lake, karibu na Matonge, mtaa wa Waafrika wenye kafe na migahawa yao, ambao nao umepewa jina la mtaa wa Kinshasa. Meza iliyogawanywa Léopoldville imeungana kidogo huko ilikoanzia.

Meza ya Rwagasore

Sasa turudi Usumbura. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alisoma Antwerp katika miaka ya 1950. Aliporudi alianza na biashara. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na katika kazi hiyo aliungwa mkono kwa dhati na Waswahili wa Buyenzi. Nao walibaki naye alipoingia katika siasa na chama cha Uprona. Rafiki yake wa ng'ambo ya ziwa alikuwa Julius Nyerere. Ningependa wanafunzi wetu wakumbuke hilo kila wanapoambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kuja: harakati za uhuru wa nchi hii zilisemwa kwa kiasi kikubwa katika baraza na mikahawa ya Buyenzi.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961. Uprona ilipata viti 58 kati ya 64. Kabla mwezi haujaisha, Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu, naye hajafikisha hata miaka thelathini.

Tarehe 13 Oktoba 1961, jioni, alikuwa akila chakula pamoja na wenzake katika mgahawa wa Tanganyika, kando ya ziwa. Ilikuwa nyumba ya mtindo wa Kizungu, yenye veranda iliyotazama maji, ya aina ile ambayo miaka michache kabla Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Risasi ilitoka gizani, nje, akafa. Aliyepiga alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, akitumwa na viongozi wa chama pinzani, PDC. Kageorgis alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru wa Burundi. Baadhi ya wapangaji wa njama hiyo walinyongwa Gitega mwezi Januari 1963.

Nimewahi kusoma tukio hili mara nyingi kama sura ya historia ya kisiasa, na ndivyo lilivyo. Lakini tulitazame pia kwa jicho la somo letu. Waziri Mkuu wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi wengi namna ile hakuuawa barabarani wala ofisini. Aliuawa mezani. Alikuwa amekaa hadharani, katika mahali palipokuwa pa wengine, akila kama mwananchi yeyote. Ile haki ya kukaa, ambayo wafanyakazi wa Brussels waliipata kwa bei ya glasi moja, yeye aliilipia kwa maisha yake. Kila mwaka tarehe 13 Oktoba nchi nzima hupumzika kumkumbuka.

Kabare baada ya hapo

Baada ya uhuru kafe za katikati ya mji zilibadilisha wenyewe na wateja, na kabare za mitaani zikaongezeka. Kati ya hizo mbili ilizaliwa nyumba ambayo mkaazi yeyote wa Bujumbura anaitambua. Ninayoipenda mimi iko Rohero, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ninapoishi, na jina lake nitalihifadhi ili viti visije vikaniishia. Sakafu ni ya vigae vya zamani, kaunta ni ya mbao nzito, na chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni. Kutoka Ubelgiji wamebakiza viazi vya kukaanga, mchuzi mweupe na heshima ya glasi baridi. Kutoka kwetu wameleta sangala na mukeke wa ziwani, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na pilipili isiyo na huruma. Chupa ya Primus ni ya sentilita 72, ukubwa unaoeleweka vizuri ukikumbuka chungu na mirija: ni chupa ya kugawana.

Nisije nikaonekana napiga debe la bia. Vandervelde hakukosea kuhusu mishahara inayoishia kaunta, na wake wanaongoja nyumbani hawahitaji mhadhiri kuwaeleza. Pia haki ya kukaa bado haijamfikia kila mtu. Mwanamke akiketi peke yake katika kabare, maneno humfika kabla ya kinywaji.

Na kuna miaka ambayo meza ilivunjika kabisa. Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vita viliingia mitaani. Mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa kabila, mmoja baada ya mwingine. Kabare ya jirani ikawa kabare ya upande fulani, na mtu aliangalia nani ameketi kabla ya kuvuta kiti. Amri ya kutotembea usiku, iliyodumu hadi mwaka 2006, ilifunga milango mapema. Katika giza hilo Buyenzi ilijulikana kama mtaa ambamo Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja, wakizungumza Kiswahili. Mikahawa yao, ile isiyouza bia, ilibaki wazi kwa wote. Ndiyo sababu sikumcheka kijana yule wa Buyenzi alipotetea neno lake. Alikuwa anatetea mahali.

Hitimisho: tuandike nini?

Sasa nirudi kwenye karatasi za wanafunzi. Baa nililikataa, kwa sababu linamwambia msomaji habari ya pombe na kumnyima chakula, gazeti na mazungumzo. Wakati nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam nilijifunza kwamba huko baa, grosari na mgahawa ni nyumba tatu tofauti, na mtu akikosea neno atakosea mlango. Kabare nililikubali kwa kifungu chochote kinachohusu Bujumbura, Kigali au Bukavu, maana ndilo neno la watu wenyewe, na kamusi zetu zingefanya vizuri kulipokea. Kwa kafe ya Brussels nilishauri mkahawa wa bia. Mkahawa unarudisha ndugu aliyepotea kwenye ukoo wake, na neno bia linamwonya mwanafunzi wangu wa Buyenzi asiingie bila kujua.

Yeye hakuridhika. Aliniambia: "Mwalimu, kama qahwa ilikuwa mvinyo zamani, basi ninyi ndio mnaorudi nyuma." Nilimpa alama zake zote, kisha tukaenda mkahawani kwao, nikanunua kahawa mbili na kashata. Wasomaji wenye neno bora zaidi kuliko mkahawa wa bia wanakaribishwa kuliandikia jarida letu kwa ajili ya toleo lijalo.